Kukadiria si kubahatisha

Ufukweni Qantab, Oman, boti zikiwa zimepandishwa mchangani, mzee mmoja mzaliwa wa Unguja aliniuliza: "Hao nyangumi, mwanangu, nani kawahesabu?" Nikamjibu hakuna, wamekadiriwa. Akacheka. "Yaani wamebahatisha."

Hapana, mzee wangu. Kubahatisha kuna bahati ndani yake. Kukadiria kumeshikana na kadiri, yaani kipimo, neno tulilopewa na Kiarabu. Anayekadiria ana kipimo mkononi. Kwa nyangumi wa nundu wa Oman kipimo ni mkia: upande wa chini una mabaka meusi na meupe, kila mmoja na yake. Watafiti waliipiga picha mikia hiyo kati ya 2000 na 2004, wakaangalia mingapi imeonekana tena. Ikirudi ileile kila mara, wanyama ni wachache. Wakapata 82, pengine 60, pengine 111. Kwingine kipimo ni kingine: kule Aktiki baadhi ya nyangumi huhesabiwa kutoka kwenye ndege, kisha huongezwa makadirio ya waliokuwa chini ya maji.

(Kadari ya Mungu nayo ni ya ukoo mmoja na neno kadiri. Hilo mzee alilipenda.)

"Themanini na wawili," akarudia, macho baharini. "Hata harusi haijai."