Wigo wa Mnyaa na Bunduki ya Kushindilia

Waandishi wa habari za vita vya bara katika karne ya 19 huhesabu bunduki kwanza, kisha huhesabu maiti, na mara nyingi huishia hapo. Mti haupati nafasi katika hesabu hiyo. Walakini mji wa bara uliohofia kushambuliwa, tangu nyika za pwani mpaka Ziwa Tanganyika, kwa kawaida ulizungukwa na miti iliyochaguliwa kwa makusudi, ikapandwa kwa mkono wa mtu, ikatunzwa miaka mingi kabla adui hajatokea. Ni vigumu kufahamu kwa nini bunduki ilifanikiwa mahali fulani ikashindwa mahali pengine bila ya kuuliza ilikuwa ikilengwa kupitia mti gani.

Lugha yenyewe inatoa ushahidi wa kwanza. Mtu wa pwani ana ua, na ua wake ni wa makuti au wa mabua. Kazi yake ni stara. Nyuma ya ua mwanamke hufanya kazi zake pasipo kuonwa na mpita njia, na sehemu hiyo ya nyumba huitwa uani. Hapana aliyedhani kwamba makuti yatazuia mkuki. Wigo ni neno lenye nguvu zaidi kidogo: ni kizuio cha miti au miiba kizungukacho shamba, zizi au mji. Boma ni zaidi ya vyote viwili. Asili yake ni ngome ya magogo au miiba iliyojengwa kwa ajili ya vita. Baadaye Wadachi walipojenga vituo vyao vya utawala vyenye kuta nene, watu waliviita maboma, na neno likabaki katika ofisi za wilaya hata baada ya Wadachi kuondoka. Kwa hiyo stara, kizuio na ngome ni daraja tatu za jambo moja. Jambo la kuangaliwa ni kwamba huko bara mti mmoja uliweza kuzitimiza daraja mbili za kwanza kwa pamoja, na kuisaidia ya tatu. Mti huo ni mnyaa.

Mnyaa hauna uzuri wa kusifiwa. Hauna majani ya kutosha kumpa mtu kivuli. Una vijiti vya kijani, mviringo, vinene kama kalamu, vilivyosongamana hata jicho haliwezi kupenya. Ukivunjwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa, na utomvu huo ukiingia jichoni huleta maumivu makali na waweza kumpofusha mtu kwa siku kadhaa. Watu wa mahali pengi waliutumia kulewesha samaki. Ng'ombe na mbuzi huuogopa. Tena haudai mbegu wala kitalu: kijiti kilichokatwa na kuchomekwa ardhini mwanzo wa mvua huota, na jua kali la Ugogo au Usukuma haliuui. Baada ya miaka michache hupita kimo cha mtu, na ukiachwa huendelea mpaka ukawa mti kamili. Burton na Speke, waliopita njia ya Kaze mwaka 1857, waliuona katika vijiji vya njiani, na wasafiri waliowafuata waliutaja tena na tena. Wamasai huuita kwa jina ambalo husemekana ndilo lililozaa jina la Ziwa Manyara.

Mchaguzi wa mti wa wigo alikuwa na mambo ya kupima. Miiba mikavu hukatwa na kupangwa kwa siku moja, lakini huliwa na mchwa, na adui akiitia moto huwaka yote kabla ya maji kuletwa. Magogo ni imara, ila huhitaji msitu wa karibu na mikono mingi, na huoza. Mnyaa ulio hai haushiki moto upesi, kwa kuwa umejaa maji, haulipiwi gharama, na tundu likipatikana hujiziba lenyewe. Upungufu wake ni mmoja, nao ni mkubwa: huchukua miaka. Mji uliohama mara kwa mara haukuweza kufaidi mnyaa. Kwa sababu hiyo wigo mzito wa mnyaa ulikuwa pia alama ya watu walionuia kukaa.

Si watu wote waliouchagua. Katika Rwanda na Burundi rugo, yaani makao ya jamaa, lilizungushiwa mti uo huo kwa jina la umuyenzi, lakini huko stara na heshima ya mwenye nyumba zilikuwa na uzito kuliko vita. Wachaga walipanda masale katika mipaka ya vihamba vyao, na jani la sale lilikuwa vilevile dalili ya amani na maombi ya msamaha. Kwa ulinzi wao waliamini zaidi mahandaki na, kwa Sina wa Kibosho, kuta za mawe. Sina alishambuliwa na Wissmann mwezi Februari 1891, na kuta hizo hazikumwokoa.

Bunduki, kwa upande wake, ilifika bara ikiwa imekwisha kuchoka. Majeshi ya Ulaya, baada ya vita vya Prussia na Austria mwaka 1866, yaliharakisha kuacha bunduki za kushindiliwa mdomoni na kuchukua zile zipokeazo risasi kwa nyuma. Bunduki za zamani zilizotupwa hazikuyeyushwa, ziliuzwa. Sehemu kubwa ilishuka Unguja na katika bandari za mrima, ikapandishwa bara kwa kubadilishana na pembe za ndovu. Mwaka 1888 Euan-Smith, balozi wa Uingereza katika Unguja, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 za kila namna zilikuwa zikiingia Afrika ya Mashariki kila mwaka.

Kwa silaha hizo Kiswahili kilijitengenezea msamiati kamili, na msamiati huo wastahili kukumbukwa kwa sababu unaonyesha kazi yenyewe. Bunduki ya gumegume huwashwa kwa jiwe lipigalo cheche juu ya kifa. Ile iliyofuata huwashwa kwa fataki. Baruti hutiwa katika kasiba kwa mdomo wake, kisha kitambaa, kisha risasi au marisau, na vyote hushindiliwa kwa mdeki. Risasi ni neno la Kiarabu lenye maana ya madini ya risasi yenyewe, nayo huyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Baruti ni shura, kiberiti na makaa: katika Ulaya kipimo kilichokuwa cha kawaida kwa sehemu 100 ni shura 75, makaa 15 na kiberiti 10. Mzinga ndio neno pekee katika jamii hii lililotoka katika msitu. Kwanza ni gogo lililochimbwa kwa ajili ya nyuki, ndipo likawa silaha kwa kufanana umbo. Pengine hakuna mshairi ambaye angethubutu kubuni mfano wa namna hiyo, lakini watu wa kawaida waliubuni.

Msomaji atazame jinsi kazi hii ilivyo ndefu. Askari wa Ulaya aliyefundishwa aliweza kupiga mara 2 au 3 kwa dakika moja. Mwindaji wa Unyamwezi, mwenye baruti ya kiasi na mdeki wa mti, hakuweza kufikia hapo. Kila mpigo ulitoa moshi uliomtangaza mpigaji. Kulenga kwa uhakika kulikwisha baada ya hatua chache, kwa kuwa kasiba haikuwa na mifuo. Basi silaha hiyo ilihitaji vitu viwili ambavyo haikuvibeba yenyewe: shabaha inayoonekana, na mahali pa kujificha wakati wa kushindilia. Wigo wa mnyaa ulimnyima mshambulizi cha kwanza na kumpa mlinzi cha pili. Vijiti vya kijani haviwezi kuizuia risasi, wala haikudaiwa kwamba vyaweza. Lakini mtu aliye nje hakujua wa ndani amesimama wapi, na alipokwisha kupiga kwa kubahatisha alikuwa mtupu kwa muda wote wa kushindilia, akitazamwa kupitia tundu asiloliona.

Vita vya Mirambo vinaonyesha hayo kwa upande wa pili pia. Mwezi Agosti 1871 Waarabu wa Tabora, waliofungiwa njia ya Ujiji, walimwendea kwa vita, na Stanley akafuatana nao. Saud bin Said alikwenda Wilyankuru na watu wapatao 500. Walipiga bunduki, wakaingia mjini, wakakusanya pembe na mateka, wakaanza kurudi wakiwa na mizigo mabegani. Mirambo hakukaa ndani ya boma lake kuwangoja. Alilala na watu wake katika nyasi ndefu kandokando ya njia, akawaangukia walipokuwa katikati. Saud akauawa pamoja na wengi. Kabla ya mwezi kwisha Mirambo alikuwa amekwisha kuingia Tabora yenyewe, na Khamis bin Abdullah akafa huko. Yaonekana Mirambo alifahamu vyema kuliko maadui zake kwamba mali ya kwanza katika vita vya gobore si idadi ya kasiba, bali ni kutoonekana mpaka adui amefika karibu.

Ushirika huu wa mti na gobore ulivunjwa na mambo mawili, na yote mawili yalitoka nje ya bara. La kwanza lilikuwa karatasi. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yalitia sahihi Mapatano ya Brussels, ambayo kwa jina yalikuwa ya kukomesha biashara ya utumwa. Vifungu vyake juu ya silaha vilihusu Afrika kutoka latitudo ya 20 kaskazini mpaka ya 22 kusini. Bunduki zenye mifuo na zile za kupakia nyuma zilikatazwa kuingizwa kwa wenyeji. Bunduki za gumegume na baruti ya kawaida ziliachiwa mlango, chini ya kibali cha serikali. Kusema kweli mapatano hayo hayakumnyang'anya Mwafrika bunduki. Yalimwachia ile iliyoshindwa, na kumwekea mwenzake ile iliyoshinda.

Hata pale wenyeji walipoitwaa silaha mpya kwa nguvu, walikutana na kizuizi ambacho hakikuandikwa katika mapatano yoyote. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo katika Uhehe, jeshi la Zelewski lilikuwa likipita kwa mstari mrefu kati ya vichaka. Wahehe walitoka vichakani na mikuki, wakalimaliza kabla askari wengi hawajapiga zaidi ya mara moja au mbili. Zelewski mwenyewe aliuawa. Bunduki zipatazo 300 zilipatikana, pamoja na risasi zake. Lakini risasi ya bunduki hizo si kipande cha madini tu. Ni ganda la shaba nyeupe lenye baruti ndani, risasi mdomoni, na fataki ndogo iliyokazwa katika kitako. Ganda lililotumika laweza kuokotwa. Madini yaweza kumiminwa katika kalibu. Baruti nyeusi ilikuwapo, kwani Mauser ya mwaka 1871 ilitumia baruti nyeusi. Kilichokosekana ni fataki. Unga wake hutengenezwa kwa zebaki na tindikali katika kiwanda, na kuikaza mahali pake kwahitaji chombo chenye kipimo halisi. Mhunzi aliyeweza kutengeneza mtambo wa gobore na kufua risasi za chuma hakuwa na njia ya kuipata. Jambo hilohilo ndilo lililoifanya bastola ibaki silaha ya kiunoni mwa wageni na wakubwa wachache: ilikuwa nyepesi, ilijificha kanzuni, ilipiga mara 6, lakini kila mpigo ulikuwa umetoka kiwandani, na hapakuwa na mdeki wa kuirudishia uhai.

La pili lilikuwa mzinga. Wigo huficha mtu mmoja mmoja. Hauwezi kuuficha mji. Mpiga mzinga hamtafuti mlinzi nyuma ya tundu, hulenga boma lote. Mwezi Januari 1893 boma la Isike wa Unyanyembe lilivunjwa na jeshi la Tom von Prince, na Isike akaingia katika ghala yake ya baruti akaiwasha. Ni ajabu ya kuhuzunisha kwamba akiba iliyokusanywa miaka mingi kwa ajili ya kushindilia bunduki ilitumika yote kwa mpigo mmoja. Mkwawa alikwisha kuacha kuamini miti. Alijenga Kalenga kwa kuta za mawe, na tarehe 30 Oktoba 1894 kuta zikaingiwa. Baada ya hapo alirudi kwenye ulinzi wa kwanza kabisa, yaani msitu usiopandwa na mtu, nao ukamficha karibu miaka minne, mpaka alipojipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 askari walipomkaribia.

Katika pwani ya Kenya wigo mkubwa kuliko wote haukuwa wa mnyaa. Kaya za Mijikenda zilizungukwa na msitu mzima, ulioachwa kwa makusudi pande zote, na njia nyembamba zikiingia kwa kupitia milango mpaka kwenye uwanja wa katikati. Fingo lilizikwa humo, na kukata mti kulikuwa mwiko. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwakusanya Wagiriama Kaya Fungo, wakala kiapo cha kuikataa kazi ya lazima na amri za serikali ya Kiingereza. Mwezi Agosti 1914 serikali ilijibu. Haikuwapo bunduki ya kulengwa ndani ya kaya, wala boma la kushambuliwa. Maofisa walileta baruti kali, wakaitega katika milango na chini ya miti mikubwa, wakailipua. Vita vya Wagiriama vilianza baada ya hapo, si kabla. Msitu ulichipua tena, na mwaka 2008 kaya hiyo ilikuwa miongoni mwa zile zilizoandikwa katika Urithi wa Dunia.