Filamu bora ya kisayansi ni ipi? Kabla hujapiga kura, pitia Olduvai na Lindi

Hebu fanya hivi kabla hujaendelea kusoma. Taja kichwani filamu tatu za kisayansi, zile za kubuni, ambazo kwako ni kiboko ya zote. Usifikirie sana. Umeshazipata? Sasa jiulize: nani alikuambia kwamba hizo ndizo bora?

Swali hili ukilitupa kwenye kibanda umiza chochote, hapa Sofu kwetu Kibaha au kwingineko, jioni inaisha bila muafaka. Mmoja atasema Terminator, mwingine Matrix, wa tatu atasema muvi ni ile ambayo steringi hafi, mengine ni kelele. Hoja zao si mbaya hata kidogo, ila karibu zote zinahusu mapigano. Mimi ninasoma sayansi, kwa hiyo nataka tubishane kwa kipimo kingine: filamu inayojiita ya kisayansi imebeba dai gani kuhusu dunia, na dai hilo limedumu vipi baada ya watafiti kuchimba na kupima? Ukitumia kipimo hicho unakutana na jambo ambalo orodha za wakubwa hazilisemi. Ushahidi wa kuzihukumu filamu hizi, sehemu kubwa, umetoka huku kwetu.

Tuanze na bingwa. Jarida la Uingereza la Sight and Sound huendesha kura ya filamu bora kila baada ya miaka 10, tangu 1952. Mwaka 2022 waongozaji wa filamu waliopiga kura waliiweka nambari moja 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick. Siyo nambari moja ya filamu za anga tu. Ni ya filamu zote. Ilitoka Aprili 1968, miezi kama 15 kabla Neil Armstrong hajakanyaga Mwezi, na hadi leo wahandisi wanaisifu kwa jambo dogo ambalo wengi hulikosea: angani hakuna hewa, kwa hiyo hakuna sauti. Ukitazama Star Wars ya 1977, vyombo vinanguruma kama mabasi ya mkoani. Kwa Kubrick ni kimya, au pumzi ya mtu ndani ya kofia yake.

Lakini filamu hiyo haianzii angani. Inaanza kwenye nchi kavu ya zamani sana, na kitabu ambacho Arthur C. Clarke alikiandika sambamba na filamu kinasema wazi kwamba hiyo ni Afrika. (Picha za mandhari zilipigwa nchi tunayoiita leo Namibia, waigizaji wakiwa studio Uingereza wamevaa manyoya.) Kuna kundi la zamadamu wenye njaa. Mmoja anaokota mfupa, anaugeuza geuza, anaanza kupiga nao mifupa mingine. Baadaye anaua mnyama kwa mfupa huo, kisha anamuua mwenzake. Anaurusha juu, na mfupa unageuka chombo cha angani. Ni mkato maarufu kuliko yote katika historia ya sinema, na ndani yake kuna dai zito: kwamba kifaa cha kwanza cha binadamu kilikuwa silaha, na kwamba tulikuwa watu siku tulipoanza kuua.

Dai hilo Kubrick na Clarke hawakulitunga. Lilitoka kwa Raymond Dart, mwanasayansi wa Afrika Kusini, aliyeona mifupa iliyovunjika mapangoni akaamua kwamba zamadamu waliitumia kama marungu na visu. Mwandishi wa Marekani, Robert Ardrey, alilieneza mwaka 1961 kwenye kitabu chake African Genesis, kikasomwa kila kona. Mwaka 1968 hiyo ilikuwa bado sayansi inayojadiliwa, si uzushi.

Kisha watu wakakagua. Huko huko Afrika Kusini, Bob Brain alichunguza mifupa ya mapangoni kwa miaka mingi, akagundua kwamba uvunjikaji wake unalingana na kazi ya chui na fisi. Alionyesha hata fuvu la zamadamu mdogo lenye matundu mawili, na matundu hayo yanakaa sawasawa na meno ya chui. Yaani yule tuliyeambiwa ni muuaji alikuwa kitoweo.

Na sasa Tanzania. Julai 1959, pale Olduvai, Mary Leakey aliona meno yakichungulia kwenye udongo. Ilikuwa Zinjanthropus, mwenye umri wa takriban miaka milioni 1.75. Mwaka 1964 akatangazwa jirani yake, Homo habilis, jina lenye maana ya mtu mwenye ustadi wa mikono. Vifaa vilivyopatikana kwenye tabaka zile ni mawe yaliyopasuliwa ili yawe na makali, na mifupa ya wanyama iliyo karibu nayo ina alama za kukatwa nyama na kupasuliwa ili kutoa uboho. Ukisema ni vyombo vya jikoni hutakuwa mbali. Mwaka 2015 watafiti walitangaza mawe ya zamani zaidi, ya miaka milioni 3.3, kutoka Lomekwi, kaskazini mwa Kenya. Hayo pia ni mawe ya kupondea na kupasulia.

Wakati huohuo, mwaka 1960, Jane Goodall alikuwa Gombe, Kigoma, akimtazama sokwe aliyempa jina la David Greybeard. Sokwe yule alichukua jani la nyasi, akalichomeka kwenye kichuguu, akalivuta likiwa na mchwa, akala. Mnyama anatengeneza kifaa, na kifaa chenyewe ni cha kupatia chakula! Habari hizi zilikuwa zimeshachapishwa Kubrick alipokuwa bado anapiga picha.

Nisiwe mwongo, hadithi haikuishia kwenye mchwa. Masokwe wa Gombe waligawanyika makundi mawili, Kasakela na Kahama, na kati ya 1974 na 1978 madume wa Kasakela wakawawinda wenzao wa zamani mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo ukatili haukuwa ndoto ya Dart peke yake. Ila angalia waliua kwa nini: hasa kwa mikono na meno. Ukatili ulikuwepo na kifaa kilikuwepo, lakini kila kimoja kilikuja kwa njia yake. Ule mkato wa mfupa unaviunganisha kwa sababu unapendeza machoni.

Na yule mnyama anayepigwa mfupa? Ni tapiri, mnyama kama nguruwe mwenye kamkonga kafupi, wa Amerika ya Kati na Kusini na Asia ya Kusini-Mashariki. Afrika hayupo. Wangeuliza mtoto yeyote wa Karatu.

Haya, tumwache Kubrick, twende kwa Steven Spielberg. Jurassic Park ya 1993 ndiyo filamu ya kisayansi iliyowafikia wengi wa rika la kaka na dada zetu. Kumbuka televisheni Tanzania Bara ilianza 1994 tu, ingawa Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Kabla ya hapo ni majumba ya sinema ya mjini, na baadaye deki za video. Halafu wakaja wale wafasiri wa vibandani, kina Lufufu, wanaozungumza juu ya filamu kwa Kiswahili. Hawatafsiri tu. Wanaeleza, wanatania, wanampa adui jina la kwetu, na pale wazungu wanapokaa kimya wao wanaendelea kusimulia. Ukiniuliza, hao ni waelimishaji sayansi wa mwanzo kwa watu wengi, wawe wamekosea au wamepatia, kwa sababu ndio waliolazimika kutafuta neno la Kiswahili la kitu ambacho mtazamaji hajawahi kukisikia, tena papo hapo, filamu ikiwa inakwenda.

Sasa kumbuka mjusi wa kwanza anayeonekana mwili mzima katika Jurassic Park. Ni yule wa shingo ndefu anayesimama kwa miguu ya nyuma kufikia majani, wanasayansi wakiwa wameduwaa. Anaitwa Brachiosaurus. Jina hilo lilitolewa Marekani mwaka 1903 na Elmer Riggs, lakini mifupa aliyoipata haikuwa na fuvu wala shingo. Basi ile sura tunayoijua, kichwa chenye kibyongo juu ya pua na shingo kama mnara, ilitoka wapi?

Lindi. Kilima cha Tendaguru, mwendo wa takriban kilomita 60 kutoka Lindi mjini. Wajerumani walichimba hapo kati ya 1909 na 1913, wakiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig. Ninaposema walichimba ninatumia lugha ya vitabu vyao, maana wachimbaji walikuwa mamia ya watu wa huko, na msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani. Hiyo ni miaka michache tu baada ya Vita ya Maji Maji na njaa iliyofuata, iliyoua watu wengi sana kusini. Waliobaki walibeba mifupa kwa miguu, mzigo kwa mzigo, hadi bandarini. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa kwenda Berlin.

Mwaka 1914 Janensch alimpa mjusi mkubwa jina la Brachiosaurus brancai, na mwaka 1937 mifupa yake ikasimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin, ambako bado ipo, urefu wake kwenda juu ukiwa mita 13.27. Kwa miongo mingi mtu yeyote aliyetaka kuchora Brachiosaurus alimchora yule wa Lindi. Baadaye wataalamu walibaini kwamba tofauti zao na yule wa Marekani ni nyingi mno, na uchunguzi wa Mike Taylor wa 2009 ukaipa nguvu hoja ya kumpa jina lake mwenyewe: Giraffatitan. Kwa maneno mengine, yule mnyama anayeimbiwa muziki mtamu kwenye Jurassic Park ni wa Marekani kwa jina, lakini umbo lake limeazimwa sana kutoka Lindi. Tumejadili hadi bungeni kama mjusi arudishwe. Mara ngapi umesikia mtu akisema ameshacheza filamu ya Hollywood?

Boheti naye alipata haki yake kidogo, kwa kuchelewa. Mwaka 2007 mjusi mwingine wa Tendaguru aliitwa Australodocus bohetii.

Sayansi ya filamu hiyo yenyewe haisimami. Wanachota vinasaba vya mjusi kutoka damu iliyomo kwenye mbu aliyenasa ndani ya utomvu mgumu. Lakini utafiti wa 2012 wa mifupa ya ndege wa kale wa New Zealand ulikadiria kwamba, katika mazingira yale, nusu ya viunganishi vya vinasaba huvunjika kila baada ya miaka 521. Vinasaba vikongwe vilivyosomwa hadi sasa, kutoka Greenland, vina miaka milioni 2 hivi, na dinosaria wakubwa walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Hesabu haikubali. (Mbu wenyewe hapa Kibaha hawana bahati ya kuwa mashujaa. Tuna kiwanda kinachozalisha bakteria wa kuua viluwiluwi vyao.)

Interstellar ya 2014 nitaipitia haraka, maana wapenzi wake huwa hawahitaji kusadikishwa. Shimo jeusi lake lilichorwa kwa milinganyo ya Kip Thorne, aliyepata Nobel ya fizikia mwaka 2017 pamoja na wenzake wawili, na ile sayari ambayo saa moja ni miaka saba duniani inatokana na fizikia ya kweli, hata kama imevutwa hadi mwisho. Nataka tu ujue kwamba moja ya hatua kubwa za kuyafanya mashimo meusi yaaminike ilianzia pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikiwa na setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kupima miale ya eksirei kutoka angani. Walikuja huko kwa sababu ni karibu na ikweta, mzunguko wa dunia unaisukuma roketi. Setilaiti ikaitwa Uhuru. Iliorodhesha vyanzo zaidi ya 300, na vipimo vyake vya Cygnus X-1 viliwafanya wanafalaki waanze kusema kwa sauti kwamba pale pana shimo jeusi.

Kura yangu, hata hivyo, haiendi kwa yeyote kati ya hao. Inakwenda kwa Pumzi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, ya 2009, yenye dakika 20 na ushee tu. Ilionyeshwa Sundance mwaka 2010 na bado watu wengi hapa hawajaisikia, wakati jina lake halihitaji mfasiri.

Ni miaka 35 baada ya vita ya maji. Watu wamejifungia ndani ya jengo, nje hakuna kinachoota. Umeme unatoka kwenye misuli ya watu wanaofanya mazoezi kwenye mashine, na kila tone la jasho na mkojo linachujwa linywewe tena. Asha, mtunzaji wa makumbusho, anapokea kifurushi cha udongo kisicho na jina la aliyetuma. Anaupima. Una unyevu. Anapeleka matokeo kwa wakubwa, wanamwambia haiwezekani, ameze dawa ya kuzuia ndoto.

Hakuna shimo jeusi humo, na kuchuja mkojo si ubunifu tena. Wanaanga wanafanya hivyo kila siku. Ila dai lake unaweza kulipima ukiwa umesimama Kibaha. Mabomba ya maji ya Ruvu Juu yanapita hapa kwenda Dar es Salaam. Mwishoni mwa 2022 mvua zilichelewa, Ruvu ikashuka, mgao ukatangazwa, na mji wa mamilioni ya watu ukaanza kuhesabu ndoo. Kubrick aliuliza tulitoka wapi, akajibu kwa mfupa. Kahiu anauliza mtu mwenye kipimo sahihi mkononi afanye nini pale wakubwa wanapokataa kukisoma.

Asha anatoroka na mche wake, anatembea jangwani akiupa jasho lake. Mwisho sikuambii. Itafute uitazame, halafu urudi kwenye zile tatu zako za mwanzo uone ipi itatoka.