Asili na Kilichobaki: Historia ya Kutoa Sehemu

Aulizaye saa katika miji ya Waswahili aghalabu hujibiwa kwa hesabu ya kutoa. Saa nne kasorobo ni saa nne iliyopunguzwa robo, na msemaji huitamka hesabu hiyo bila ya kalamu wala karatasi. Zamani hata bei zilitajwa hivyo: rupia kumi kasa robo zilikuwa rupia tisa na robo tatu. Ulimi una wepesi huo kwa kuwa kizima kimeondolewa sehemu yake yenyewe. Ugumu huanza pale sehemu moja itakiwapo kutolewa katika sehemu nyingine isiyokuwa ya jina lake, kama vile thuluthi katika robo tatu, au sudusi katika nusu. Hapo sehemu hukataa kutolewa mpaka zipatiwe kipimo kimoja. Namna wanadamu walivyokitafuta kipimo hicho ni habari ndefu, na kwa muda mwingi ilikuwa habari ya mali na haki kabla ya kuwa habari ya ubao wa darasani.

Ushahidi mmoja wa kale sana umo katika mafunjo yaliyoandikwa Misri yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo. Mwandishi wake, Ahmose, alieleza kuwa alinakili kazi ya kale zaidi, ya zama za Mfalme Amenemhat wa Tatu. Mwaka 1858 mafunjo hayo yalinunuliwa Luxor na Alexander Henry Rhind, mtu wa Uskoti, na sehemu yake kubwa imehifadhiwa British Museum, London. Wamisri hao waliandika sehemu zenye kiasi cha 1 tu, kama vile 1/5 na 1/15, isipokuwa 2/3, iliyokuwa na alama yake. Kwa hiyo Ahmose hakuwa na njia ya kuandika 4/15 kama iandikwavyo leo. Ilimpasa aseme 1/5 na 1/15.

Katika hesabu ya 21 Ahmose hasemi "toa", bali asema "kamilisha". Anapewa 2/3 na 1/15, naye aulizwa ni kitu gani kitakachozikamilisha hata ziwe 1. Anashika 15 kuwa kipimo. Thuluthi mbili za 15 ni 10, na sehemu ya kumi na tano ni 1. Jumla ni 11, na kilichopungua ni 4. Kisha atafuta katika 15 sehemu zitakazotoa 4: ya tano ni 3, na ya kumi na tano ni 1. Jawabu, basi, ni 1/5 na 1/15. Katika hesabu ya 23 anatakiwa azikamilishe 1/4, 1/8, 1/10, 1/30 na 1/45 zifikie 2/3. Hapo anashika 45, ijapokuwa 45 haigawanyiki sawasawa kwa 4 wala kwa 8, naye akubali kufanya kazi na nambari zenye vipande ndani yake. Mwisho apata 1/9 na 1/40, na jawabu hilo ni sahihi. Nambari za msaada, ambazo kwazo sehemu zililinganishwa, katika hesabu kama hizi ziliandikwa kwa wino mwekundu. Wino huo ni mzee wa kile kiitwacho leo kigawe kidogo cha shirika.

Zaidi ya miaka 2,000 baada ya Ahmose, hesabu ya namna hii ilipata sababu mpya ya kufanywa kwa uangalifu. Kurani, katika Sura ya An-Nisaa, ilitaja mafungu ya warithi kwa sehemu sita: nusu, robo, thumni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Majina hayo ya Kiarabu yamo katika Kiswahili hata leo, na wengi wayatumiao hawakumbuki kuwa yalikuwa majina ya mafungu ya watu. Kwanza mali hulipa gharama za maziko na madeni, na wasia usiozidi thuluthi. Kisha wenye mafungu hupewa mafungu yao. Na kinachobaki huchukuliwa na asaba, yaani mrithi wa upande wa kiume asiyetajiwa kiasi. Fungu la asaba halijulikani mpaka mafungu ya wenzake yatolewe. Kwa ajili hiyo, kosa la kutoa sehemu si kosa la karatasi tu.

Na iwekwe mfano. Mwanamke amefariki, naye ameacha mume, mama na mwana mmoja mwanamume. Mume ana robo, mama ana sudusi, na mwana ana kilichobaki. Mali yao ni minazi 120. Mtu asiyejua hesabu aweza kujumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, akasema kuwa robo na sudusi ni 2/10. Akimtolea mwana, atampa 8/10, yaani minazi 96, na mume na mama wataachiwa 24. Ajuaye hutafuta kwanza nambari iliyo na robo na sudusi ndani yake, nayo ni 12. Robo yake ni 3, sudusi yake ni 2, na kilichobaki ni 7. Mume apata minazi 30, mama 20, na mwana 70. Kosa la kwanza lilimpa mwana minazi 26 isiyokuwa yake, wala hapana mwizi aliyeingia shambani.

Nambari hiyo 12 wanazuoni wa mirathi waliiita asili ya masuala. Waliweka kanuni ya kuipata kwa kuzilinganisha sehemu mbili mbili. Nambari za chini zikiwa sawa, hushikwa mojawapo. Ikiwa moja yaingia katika nyingine bila ya kusaza, kama 3 katika 6, hushikwa kubwa. Zikiafikiana katika kigawanyo, kama 4 na 6 ziafikianavyo katika 2, moja hugawanywa kwa kigawanyo hicho, kisha ikazidishwa kwa nyingine: nusu ya 4 mara 6 ni 12. Zisipoafikiana kabisa, kama 3 na 4, huzidishwa zenyewe kwa zenyewe. Kwa kanuni hiyo, mafungu yote sita yakichanganywa kwa namna ziruhusiwazo, asili hazizidi saba: 2, 3, 4, 6, 8, 12 na 24.

Elimu hii haikukaa mbali na elimu ya hisabati. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi alipoandika Baghdad kitabu chake cha aljebra, katika zama za Khalifa al-Ma'mun aliyetawala tangu 813 hata 833, sehemu kubwa ya kitabu hicho aliipa masuala ya wasia na mirathi. Asomaye leo kuwa aljebra ilianzia kwake hana budi kukumbuka kuwa kurasa nyingi zake zilihusu mtu aliyekufa na watu waliobaki.

Lakini kipimo kimoja hakimalizi mashaka yote, kwa maana lipo swali jingine: sehemu hiyo ni sehemu ya kitu gani? Mwanamke akiacha mume, mama na baba, bila ya watoto wala ndugu, mume ana nusu na mama ana thuluthi. Thuluthi hiyo ikiwa ya mali yote, asili ni 6: mume 3, mama 2, na baba hubakiwa na 1. Inasimuliwa kuwa Khalifa Umar, aliyetawala tangu 634 hata 644, alihukumu kuwa mama apewe thuluthi ya kilichobaki baada ya mume. Hapo mume hupata 3, mama 1, na baba 2. Ibn Abbas hakukubali, akashika thuluthi ya mali yote. Neno lilikuwa lile lile, thuluthi. Kilichobadilika ni kizima chake, na mama na baba wakabadilishana mafungu.

Jambo zito zaidi ni pale kutoa kusipowezekana. Mwanamke ameacha mume na dada wawili wa baba na mama mmoja, wala hana mtoto wala mzazi. Mume ana nusu, na dada wana thuluthi mbili. Kwa asili ya 6, mume ana 3 na dada wana 4: jumla ni 7, na mali ni 6 tu. Sudusi moja imekosekana. Umar, baada ya kushauriana na masahaba, alihukumu kuwa 7 iwe ndiyo asili mpya, kila mmoja apungukiwe kwa kadiri ya haki yake. Mali ikiwa dinari 42, mume hupata 18 badala ya 21, na dada hupata 24 badala ya 28. Hukumu hiyo huitwa auli, nayo hufuatwa na madhehebu ya Kisunni, pamoja na ya Kishafii yaliyoenea katika pwani ya Afrika Mashariki. Ibn Abbas alipinga hapa pia, akiona kuwa upungufu uwe juu ya dada, ambao katika hali nyingine huchukua kilichobaki tu. Na Mashia hawakuikubali auli. Pande zote mbili zilijua hesabu. Walichobishana ni nani abebe kile kisichokuwapo.

Kiswahili kimehifadhi alama za habari hii. Sarafu ya senti 50 iliitwa thumni, ingawa ni nusu ya shilingi, kwa kuwa jina lilitokana na sehemu ya nane ya riali; riali ilipoondoka, sehemu ilibaki na jina la kizima kisichokuwapo tena. Nayo nambari ya chini ya sehemu, katika vitabu vya hisabati vya shule za Tanzania, huitwa asili, neno lile lile walilolitumia wanazuoni wa mirathi. Mtoto aambiwapo kuwa 3/4 toa 1/3 haifanyiki mpaka asili ziwe moja, naye akaandika 9/12 toa 4/12 akapata 5/12, afanya kwa dakika moja kazi ya Ahmose na ya wagawaji wa mali za marehemu. Akiandika 2/1 kwa kutoa juu kwa juu na chini kwa chini, mwalimu na amwulize yawezekanaje kilichobaki kiwe kingi kuliko kilichokuwapo, na ziada hiyo imetoka katika fungu la nani.