Henry Molaison, mgonjwa aliyeonyesha kumbukumbu hukaa wapi

Hartford, Marekani, 1953. Daktari wa upasuaji wa ubongo, William Beecher Scoville, anatoboa matundu mawili kwenye fuvu la kijana wa miaka 27, juu kidogo ya macho. Anausogeza ubongo wa mbele, anapenyeza mrija mwembamba hadi ndani, kisha ananyonya nyama ya ubongo, kushoto na kulia. Kilichotolewa kilijumuisha sehemu kubwa ya hipokampasi, kiungo kilichopinda ambacho kila mtu anacho kimoja kila upande, usawa wa masikio.

Kijana huyo, Henry Molaison, aliugua kifafa tangu utotoni. Siku anatimiza miaka 15 kilimwangusha vibaya ndani ya gari la wazazi wake, na kadiri miaka ilivyokwenda dawa zikashindwa kabisa. Kazi ya kiwandani ikamshinda. Nani angekataa tiba katika hali hiyo? Ila Scoville mwenyewe aliandika baadaye kwamba upasuaji ule ulikuwa wa majaribio, na majaribio juu ya ubongo wa mtu ni jambo jingine kabisa na majaribio juu ya panya.

Panya walikuwa wameshachoshwa. Mwanasaikolojia Karl Lashley alitumia miaka mingi kuwakata ubongo hapa na pale akitafuta kumbukumbu ilikojificha. Mwaka 1950 aliandika kwamba hakuiona. Kwa maelezo yake, kilichoamua panya amesahau kiasi gani ni ukubwa wa jeraha, wala si mahali lilipo. Wengi wakakubali kwamba kumbukumbu haina makao maalumu.

Baada ya upasuaji, kifafa cha Henry kilipungua sana. Lakini wauguzi wakagundua kwamba hawatambui, na kwamba njia ya kwenda chooni inampotea kila mara. Mwezi Aprili 1955 alipimwa na Brenda Milner, mwanasaikolojia Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Montreal, Kanada. Alipoulizwa tarehe, Henry alijibu ni Machi 1953 na kwamba ana miaka 27. Kipimo cha akili kikatoa alama 112, juu zaidi ya alizopata kabla ya kupasuliwa. Mtu mwenye akili timamu, mwenye adabu, anayekumbuka utoto wake, lakini asiyeweza kushika jambo jipya.

Siku moja Milner alimwomba akariri namba 584, akamwacha peke yake. Dakika kama 15 baadaye Henry aliitaja bila kusita, akaeleza na njia yake: tarakimu hizo zikijumlishwa ni 17; ukiishika 8 na kuiondoa, inabaki 9, ambayo ni 5 na 4. Alikuwa ameizungusha kichwani muda wote huo. Mazungumzo yakahamia kwingine, na punde akawa hajui kama aliwahi kupewa namba yoyote.

Jaribio lililoipindua fani lilichapishwa mwaka 1962, na vifaa vyake vingepatikana katika darasa lolote: penseli, karatasi yenye picha ya nyota, na kioo. Mkono unafichwa, mchoraji anautazama kwenye kioo tu, na anatakiwa apitishe mstari katikati ya kingo mbili za nyota. Kioo hugeuza mwelekeo, kwa hiyo mkono huenda kinyume cha unakotumwa. Kila anayejaribu mara ya kwanza hutoka nje ya mstari hovyo. Henry naye alikosea sana siku ya kwanza. Siku ya pili makosa yakapungua. Siku ya tatu alichora vizuri, akashangaa mbona kazi ni rahisi kuliko alivyodhani. Hakukumbuka kwamba alishawahi kuifanya. Mkono ulijifunza, mwenyewe hana habari.

Ndipo ikaeleweka kwamba tunachokiita kumbukumbu ni kazi kadhaa zinazofanyika sehemu tofauti za ubongo. Hipokampasi inahitajika ili tukio la leo liweze kukumbukwa kesho. Ustadi wa mikono una njia nyingine, na mambo ya zamani ya Henry yalikuwa yameshahifadhiwa kwingine kabla kisu hakijafika.

Kwa miongo kadhaa Suzanne Corkin, aliyekuwa mwanafunzi wa Milner, aliendelea kumpima Henry kwenye chuo kikuu cha MIT, Marekani. Dunia ilimjua kwa herufi mbili tu, H.M. Kinachonisumbua katika historia hii ni ridhaa yake: kila alipokubali kupimwa, kukubali kwenyewe alikusahau baada ya muda mfupi. Hakuwahi kuonekana kulalamika, lakini kulalamika nako kunataka kumbukumbu.

Alifariki tarehe 2 Desemba 2008, akiwa na miaka 82, na jina lake kamili likatangazwa. Mwaka uliofuata, huko San Diego, ubongo wake uliogandishwa ulikatwa vipande 2,401, vyembamba kama unywele, kazi iliyochukua saa 53 huku watu wakiitazama moja kwa moja kwenye intaneti. Ripoti ya mwaka 2014 ilionyesha kwamba Scoville aliacha nyuma sehemu ya hipokampasi kubwa kuliko alivyoandika, na kwamba kulikuwa na jeraha dogo mbele, upande wa kushoto, ambalo halikuwahi kuripotiwa. Baadhi ya tabia za Henry zilizopachikwa hipokampasi miaka yote hiyo sasa inabidi zichunguzwe upya.