Kupinga thamani ya ardhi bila wakili: Haki ya mwenye boma Soin

BILI ya ada za ardhi inapomfikia mwenye boma au ploti katika eneo la Soin, Kaunti ya Kericho, mara nyingi wakati wa kuilalamikia thamani iliyozaa bili hiyo huwa umekwisha kupita. Malalamiko hupelekwa kwa karani wa mapato, ambaye hana mamlaka ya kubadilisha chochote, kisha kwa diwani, ambaye naye huahidi kufuatilia. Ilhali sheria imeweka mlango maalumu wa kuingiza pingamizi, na mlango huo hauhitaji wakili. Kasoro yake ni kwamba hufunguliwa kwa siku chache tu, tena kabla bili kuandikwa.

Ada za ardhi, ambazo wengi huziita reti, hutozwa na serikali ya kaunti. Kifungu cha 209 cha Katiba ya 2010 ndicho kinachoipa kaunti uwezo huo. Zisichanganywe na kodi ya ardhi, ambayo hulipwa kwa Serikali ya Kitaifa na mtu anayemiliki ardhi kwa mkataba wa miaka maalumu. Mwenye hatimiliki ya kudumu hadaiwi kodi hiyo, lakini anaweza kudaiwa reti. Kwa miaka mingi reti zilihusu miji na vituo vya biashara, na mashamba ya wakulima wadogo kwa kawaida yakaachwa. Miji inavyopanuka, hata hivyo, boma ambalo jana lilikuwa shamba hujikuta leo limo ndani ya mipaka ya kituo, kama inavyoshuhudiwa kando ya barabara zinazopita Sondu na Kiptere.

Kiasi kinachoandikwa kwenye bili huwa na wazazi wawili. Wa kwanza ni thamani ya ardhi, ambayo mthamini huiandika katika daftari la uthamini. Wa pili ni asilimia ya thamani hiyo, ambayo hupitishwa na bunge la kaunti. Pingamizi la mwenye ardhi humhusu mzazi wa kwanza peke yake. Anayelalamika kwamba asilimia imezidi hapaswi kwenda mbele ya jopo la uthamini. Mahali pake ni katika vikao vya umma kuhusu mswada wa fedha wa kaunti, ambako maoni yaliyoandikwa na kutiwa sahihi huwa na uzito kuliko kelele za ukumbini.

Nairobi ni mfano mzuri wa jinsi mambo haya mawili yanavyotofautiana. Jiji hilo lilitegemea daftari la mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa takriban miongo minne. Kwa kuwa thamani zilikuwa za kale, asilimia ilipandishwa hatua kwa hatua hadi kufikia 34. Daftari jipya lilipotayarishwa mwaka wa 2019 kwa bei za kisasa, kiwango kilichopendekezwa kikashuka hadi chini ya asilimia moja. Kwa hivyo thamani kubwa si lazima ilete bili kubwa, na asilimia ndogo si lazima iwe nafuu. Swali la kuuliza ni kama thamani ya ploti moja inalingana kwa haki na za jirani zake.

Jambo ambalo huwashangaza wengi ni kwamba nchini Kenya, kwa desturi iliyorithiwa tangu enzi ya ukoloni, kinachothaminiwa kwa reti za mijini ni kiwanja kitupu, kana kwamba hakuna jengo juu yake. Sheria iliruhusu pia njia nyingine, ikiwemo kutoza kwa ukubwa wa eneo au kujumlisha majengo, lakini thamani ya kiwanja kitupu ndiyo iliyozoeleka. Majirani wana taratibu zao. Uganda, kwa sheria yake ya 2005, nyumba anayoishi mwenyewe haitozwi. Tanzania nayo ilianza mwaka wa 2021 kukusanya kodi ya majengo kupitia malipo ya umeme, nyumba ya kawaida ikikatwa Sh1,000 za huko kwa mwezi, na katika mpango kama huo hakuna thamani ya kubishania. Kwa mkazi wa Soin, maana yake ni hii: kueleza kwamba nyumba ni kuukuu, paa linavuja au kuta ni za udongo ni kupoteza muda wa wasikilizaji ikiwa daftari limethamini kiwanja pekee. Tangazo na daftari lenyewe huonyesha ni njia ipi iliyotumiwa, na hilo ndilo la kusoma kwanza.

Hapo ndipo jiografia ya Soin inapokuwa hoja ya kisheria. Mgeni akisikia Kericho hufikiria chai. Lakini jina Soin, kwa Wakipsigis, ni la nyanda za chini zenye joto, na huko zao linaloonekana zaidi ni miwa. Chai hupatikana juu, kuelekea Sigowet na Kericho mjini. Ekari ya mlimani iliyo karibu na kiwanda cha chai na ekari ya bondeni inayosubiri msimu wa miwa hazinunuliwi kwa bei moja. Mthamini aliyechukua bei za upande mmoja na kuzitandaza upande wa pili amekosea, na kosa hilo linaweza kuthibitishwa kwa karatasi.

Kuhusu utaratibu wenyewe, kwa miongo mingi uliongozwa na Sheria ya Uthamini kwa Ada, Sura ya 266, pamoja na Sheria ya Ada, Sura ya 267. Zote mbili ziliondolewa na Sheria ya Kitaifa ya Ada ya 2024, iliyotiwa sahihi Desemba mwaka huo, ambayo pia iliunda Jopo la Kitaifa la Ada kuchukua nafasi ya mahakama za uthamini zilizokuwa zikiteuliwa na kila mamlaka ya eneo. Msingi wa haki ya mwananchi ni ule ule: daftari huanza kama rasimu, hutangazwa, watu hulikagua, wenye pingamizi huandika, kisha husikilizwa.

Tangazo la rasimu ndilo saa ya kuamka. Chini ya sheria ya zamani, pingamizi lilipaswa kuwasilishwa katika siku 28 tangu tangazo kuchapishwa, na aliyechelewa hakuwa na haki ya kusikilizwa. Tarehe ya mwisho huhesabiwa kutoka kwa tangazo lenyewe, si kutoka siku mwenye ploti alipopata habari. Kwa hivyo familia ambayo wanawe wanaishi Nakuru au Mombasa hufanya vyema kumteua mmoja aliye karibu, atakayeulizia katika ofisi ya ardhi ya kaunti na kwa chifu. Aidha kuna daftari la nyongeza, linalotolewa kati ya daftari kuu moja na jingine kwa ajili ya ardhi iliyoachwa nje au iliyogawanywa. Baba akiwagawia wanawe wanne, nambari mpya nne huingia kupitia daftari hilo, na haki ya kupinga huwapo tena.

Anayekagua rasimu asianze na thamani. Aanze na maelezo: nambari ya ardhi, jina la mwenyewe, ukubwa, matumizi. Makosa ya aina hii ndiyo rahisi kushinda, kwani hayahitaji ubishi wa kitaalamu. Hektari moja ni karibu ekari mbili na nusu, na 0.4 iliyoandikwa kama ekari badala ya hektari, au kinyume chake, hubadilisha kila kitu. Ardhi iliyogawanywa inaweza kubaki daftarini kwa nambari ya zamani huku nambari mpya nazo zikiwa zimeingizwa, watu wakadaiwa mara mbili. Kipande kilichokatwa kupanua barabara huenda bado kinahesabiwa. Nakala ya hatimiliki, matokeo ya upekuzi rasmi katika sajili ya ardhi na ramani ya eneo hutosha kuyathibitisha haya.

Wapo pia wenye ardhi ambayo hatimiliki yake ingali kwa jina la babu aliyefariki. Sheria ya zamani ilimruhusu mtu yeyote aliyedhurika kuwasilisha pingamizi, hivyo mrithi hakufungiwa nje. Hata hivyo ni busara aambatishe cheti cha kifo na barua ya chifu, na kama kesi ya mirathi imefunguliwa, nambari yake.

Thamani yenyewe huhitaji ushahidi wa soko, yaani bei ambazo viwanja vinavyofanana viliuzwa karibu na tarehe ya uthamini. Tarehe hiyo imo katika daftari, nayo ni muhimu: bei ya miaka mitano baadaye haisaidii. Chanzo kizuri ambacho wengi hukisahau ni ushuru wa stempu. Ardhi inapohamishwa, mthamini wa serikali huikadiria ili mnunuzi alipe asilimia 4 mijini au asilimia 2 mashambani. Jirani aliyenunua hivi karibuni ana karatasi hiyo kabatini, na nakala yake, akikubali kuitoa, ina nguvu kuliko mapatano yaliyoandikwa kwa mkono. Viwanja vitatu vinavyofanana kwa umbali kutoka barabarani, maji na umeme vinatosha kujenga hoja. Majirani kumi wenye lalamiko moja wanaweza kuchanga na kumlipa mthamini aliyesajiliwa aandike ripoti moja, gharama ikagawanyika. Kila mmoja, lakini, ajaze fomu yake mwenyewe kwa nambari yake ya ardhi.

Fomu hiyo iandikwe kwa ufupi. Iseme ni nini kimekosewa, kinapaswa kuwa nini, na kwa sababu gani. "Thamani ni ya juu sana" si hoja, "Kiwanja kimethaminiwa kwa Sh2 milioni ilhali viwanja vitatu vya jirani vyenye ukubwa huo vilikadiriwa kwa Sh1.4 milioni" ni hoja. Nakala moja ibaki nyumbani ikiwa na muhuri wa ofisi iliyoipokea na tarehe. Siku ya kusikilizwa, mthamini wa kaunti hueleza alivyofikia kiwango chake, na mwenye pingamizi humuuliza maswali. La kumuuliza ni moja hasa: ni mauzo yapi aliyolinganisha, na yalikuwa wapi?

Tukichukulia kiwango cha nusu asilimia, kwa mfano tu, kushuka kutoka Sh2 milioni hadi Sh1.4 milioni hupunguza bili kutoka Sh10,000 hadi Sh7,000 kwa mwaka. Sheria ya zamani ilitaka uthamini mpya kila baada ya miaka 10, hivyo akiba ingefika Sh30,000. Wakili wa siku chache angeimeza yote.

Haki hii haihusu kushusha tu. Sura ya 266 iliruhusu kupinga pia ardhi iliyoachwa nje ya daftari, au thamani iliyoandikiwa ardhi ya mtu mwingine. Katika nchi ya chai hilo si dogo. Mwaka wa 2019, Tume ya Kitaifa ya Ardhi ilipendekeza kwamba ada na kodi za mashamba makubwa ya chai ziongezwe kwa manufaa ya kaunti na Serikali ya Kitaifa, na kampuni zikaenda mahakamani. Mzigo wa mapato ukiwa mwepesi kwa mwenye maelfu ya ekari, mwenye ploti ya futi 50 kwa 100 ndiye hutafutwa kuujaza.

Kwa wakazi wa Sondu kuna tatizo la ziada, kwani Kericho na Kisumu zimevutana kwa muda mrefu kuhusu mpaka na ukusanyaji wa ushuru katika soko hilo, na mwaka wa 2023 mzozo huo ulifikia umwagaji damu. Jopo la uthamini haliwezi kuamua mpaka. Anayepokea madai kutoka pande mbili aandikie kaunti zote mbili kwa wakati mmoja, akiambatisha hatimiliki inayoonyesha sajili iliyoitoa.

Pingamizi likiendelea, ni salama zaidi kulipa kiasi kisichobishaniwa na kuweka risiti, kwa kuwa malimbikizo huzaa riba na kaunti inaweza kukataa kutoa cheti cha kutodaiwa reti, ambacho huhitajika mtu anapouza ardhi. Asiyeridhika na uamuzi, sheria ya zamani ilimpa mwezi mmoja kukata rufaa. Rufaa za aina hiyo leo huingia Mahakama ya Ardhi na Mazingira, ambayo ina kituo mjini Kericho, na huko pia mtu anaruhusiwa kujiwakilisha mwenyewe.