Uathirikaji wa bakteria: istilahi na rula yake

Mkongo au Mrundi aliyesomea uuguzi kwao kabla ya kufika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, huita kipimo cha kujua dawa inayomdhuru bakteria antibiograma, kwa mazoea ya shule za Kifaransa. Mgonjwa akipewa rufaa hadi Lilongwe, kilomita arobaini na kitu kutoka kambini, huko wanasema kalcha na sensitiviti. Sisi tunaotafsiri hukimbilia “kipimo cha usugu”. Sikubaliani na jina hilo, kwa sababu usugu ni jibu mojawapo tu. Swali lenyewe ni hili: bakteria aliyetoka kwenye mkojo au damu ya mgonjwa huyu anadhurika na dawa ipi?

Napendekeza “upimaji sanifu wa uathirikaji wa bakteria”, na neno la mwisho lisiachwe kamwe. Tangu UKIMWI uingie, “mwathirika” limekuwa neno zito. Mgonjwa asije akadhani anayesemwa ni yeye.

Neno “sanifu” nalo lina kazi hapa. Bakteria huoteshwa, kisha huchanganywa na maji ya chumvi mpaka ukungu wake ulingane na kiwango cha McFarland 0.5, yaani kama bakteria milioni 100 hadi 200 kwa mililita. Hupakwa juu ya agari ya Mueller-Hinton yenye kina cha milimita 4, diski za karatasi zenye dawa huwekwa juu yake, na sahani hukaa kwenye joto la nyuzi 35 kwa saa 16 hadi 18. Dawa inayofaa huacha duara tupu, nalo hupimwa kwa rula. Agari ikizidi unene, duara husinyaa na bakteria anayetibika huonekana sugu. Mchanganyiko ukiwa mwepesi mno, duara hutanuka na sugu huonekana anatibika, kosa ambalo ni la hatari zaidi. Ndiyo maana Bauer, Kirby, Sherris na Turck walichapisha utaratibu mmoja mwaka 1966, na ndiyo maana maabara hupima pia bakteria anayejulikana, E. coli ATCC 25922: kwa diski ya ampisilini ya mikrogramu 10 duara lake liwe milimita 15 hadi 22, la sivyo majibu hayatolewi.

Hata hivyo rula haitoshi. Duara la milimita 15 la E. coli kwa ampisilini, kwa mwongozo wa CLSI wa Marekani, ni “kati” (herufi I). Kwa mwongozo wa EUCAST wa Ulaya, bakteria anaathirika (herufi S). Tena EUCAST mwaka 2019 ilibadili maana ya herufi I: sasa ni anayeathirika dawa ikiongezwa mwilini. Anayeendelea kuitafsiri “kati” kwenye karatasi ya EUCAST anamnyima daktari dawa ambayo bado ingefaa.

Faida ya upimaji sanifu imeonekana hapa Malawi: Blantyre, katika Hospitali ya Queen Elizabeth, bakteria wamefuatiliwa kwa vipimo vya damu tangu 1998, na homa ya matumbo sugu kwa dawa kadhaa ilipoanza kuenea mwaka 2011, ilionekana mapema kwa sababu namba za miaka zililinganishika. Dzaleka, iliyofunguliwa 1994 kwa watu kama 10,000 na sasa ina zaidi ya 50,000, inahitaji ulinganifu huohuo.

Kwa mkalimani wa zahanati, basi: herufi S, I na R (sugu) zibaki kama zilivyo, tafsiri iandikwe kando, na chini yake jina la mwongozo pamoja na mwaka wake.