Ubao wa Mama, Kaloleni

Kabla ya ubao, menyu ya hoteli ya mama ilikuwa mdomoni. Mteja anakaa kwenye benchi, anauliza, "Mama, kuna nini leo?" na mama anamwaga bila kupumua: wali nyama, wali maharage, ugali, ndizi, makande. Hoteli yenyewe ilikuwa kibanda cha mabati Kaloleni, Arusha, si mbali na stendi ya mabasi, na madereva hawakuwa na muda wa kuulizia mara mbili. Mwaka 1981, nikiwa darasa la nne, mama akaniletea kipande cha mbao. Tukakisiliba kwa unga wa betri kuukuu za tochi, kama tulivyofanya ubao wa shule, na kazi ya kuandika ikawa yangu kila asubuhi.

Masharti yake nayakumbuka yote. Mstari wa kwanza ni chakula kilichoiva na kilicho kingi, maana mwenye haraka hasomi mpaka chini. Bei ifuate jina la chakula palepale. Isipangwe peke yake upande wa kulia, mtu akaanza kulinganisha shilingi badala ya kuona njaa yake. Na chakula kikiisha kifutwe saa hiyo hiyo kwa kitambaa kibichi, kisikatwe mstari. "Mwanangu, mtu akishausoma wali, mate yamejaa. Ukimwambia umekwisha, hata ndizi zangu hataziona tamu."

Ubao huo ulianza kazi katika miaka migumu. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na makao yake hapa hapa Arusha, ilikuwa imevunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya umefungwa, na nchi imetoka kwenye vita na Idi Amin. Kuna wiki niliandika mistari miwili tu. Ugali ulikuwa wa mahindi ya njano yaliyotoka ng'ambo, watu wakauita ugali wa Yanga, kwa rangi ya jezi za timu hiyo ya mpira. Siku moja niliandika UGALI, basi. Mama akanirudisha na chaki: "Andika wa Yanga. Anayekula ajue anakula nini."

Mwaka 1983, Waziri Mkuu Sokoine alipowasaka walanguzi, wali ulitoka ubaoni ingawa siku nyingine ulikuwemo jikoni. Kuuandika ni kujiitia maswali: mchele umeupata wapi? Mama akarudi kwenye menyu ya mdomo, tena ya kunong'ona, kwa wateja anaowajua. Sijawahi kusahau jinsi alivyoinama sikioni mwa mzee mmoja fundi cherehani na kumwambia neno moja tu, "Upo."

Baada ya Rais Mwinyi kuingia madarakani mwaka 1985 mistari ikaongezeka: wali ukarudi juu, chapati, baadaye chipsi mayai. Mahakama ya Kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilipokuja mjini mwaka 1995 na kukaa kwenye jengo la mikutano la AICC, wageni wakajaa, na hoteli kubwa zikachapisha menyu nene. Nimeshika moja ya kurasa nane, imefunikwa plastiki. Nikaonyesha kidole, mhudumu akasema, "Hiyo leo hatuna." Nikaonyesha nyingine, hivyo hivyo. Yule kijana hakuwa na kosa. Aliyempa kitabu kile ndiye aliyemwonea, kwa kumfanya aombe radhi siku nzima.

Kuna chakula kimoja ambacho ubao wetu haukuwahi kukibeba. Mama ni wa Nkoaranga, kwenye miteremko ya Mlima Meru, na ndizi zake alizinunua Tengeru siku ya gulio. Mtori, ile supu nzito ya ndizi, aliuuza bila shida. Loshoro alikataa. Hayo mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando tuliyala nyumbani, naye akisema chakula cha kumkaribishia mgeni hakiandikiwi bei.

Mimi niliposhika hoteli nilimwomba ruhusa mara tatu. Mara ya tatu alinyamaza, kisha akauliza maziwa nitayatoa kwa nani. Nilipomtajia, akakubali. Niliandika LOSHORO mstari wa mwisho, herufi kubwa, nikaacha nafasi ya bei hadi yeye mwenyewe aitaje. Saa saba mchana sufuria ilikuwa tupu. Mama akainuka kwenye kiti chake karibu na jiko, akachovya kitambaa kwenye maji, akaufuta mstari ule kwa mkono wake.